Stika Niliyoibandika kwenye Jagi la Jikoni

Tunduma,
Ijumaa, saa ya chakula cha mchana

Baba,

Shikamoo. Mfikishie na Mama shikamoo yangu, na umwambie goti lake naliulizia kila ninapomwona mtu anachechemea. Ile dawa ya kuchua imemsaidia? Na wewe, kifua kinakuacha ulale siku hizi? Mimi mwili wangu ni mzima. Baridi ya huku bado sijaizoea; asubuhi natoka na lile sweta la shule, na watu wa Mbozi wanaopita na mashati mepesi wananicheka.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu yako unaiweka sauti kubwa ili Mama asikie, na Mama akisikia, jirani naye amesikia. Haya yasome peke yako kwanza.

Mara ya mwisho uliniuliza kama ukarani unaendelea vizuri, nikajibu unaendelea. Siku ile sikukudanganya. Uongo niliuanza wiki iliyofuata.

Jengo letu lina ghorofa moja, liko kando ya barabara ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mwenyewe anaishi Dar es Salaam. Anayelisimamia ni meneja, Bwana Sudi, na karani wake ni mimi. Juu wamepanga mawakala wa forodha, chini kuna saluni na duka la fotokopi. Kila mpangaji ana chumba chake, lakini jiko ni la wote, na ndani ya jiko kulikuwa na jagi la umeme, la bati, ambalo wapangaji walilinunua kwa kuchangiana kabla mimi sijafika. Aliyelitumia kuliko wote ni Mama Ester, Mnamwanga wa Chapwa, anayepikia chai jengo zima. Umri wake ni kama wa Mama. Kusoma hajui. Mimi ananiita mwanangu tangu siku ya kwanza, na alikuwa akiniwekea kikombe cha chai kabla ya kuwapelekea wenye vyumba.

Ikaja barua ya ukaguzi: kila jengo la biashara lionyeshe daftari la vifaa vya umeme, kila kifaa kimepimwa lini, na nani anawajibika nacho. Bwana Sudi akawaita wapangaji kwenye korido.

"Cha mpangaji ni cha mpangaji," alisema. "Pasi za saluni ni za mama wa saluni. Mashine ya fotokopi ina mwenyewe. Mimi zangu ni nyaya za ukutani, basi."

"Na jagi je, bamudala?" aliuliza wakala mmoja wa forodha, ambaye humwita hivyo kila mtu mzima kama wafanyavyo Wazambia. "Jagi ni la nani?"

"La nyie mliochanga."

"Mimi mchango wangu ulitosha mfuniko tu. Nitawajibika na mfuniko."

Watu walicheka. Mama wa saluni akasema yeye chai yao hainywi, jagi liko kwenye jiko la jengo, na jengo lina meneja. Mama Ester alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

"Linaniuma hilo," alisema. "Nikilishika mikono ikiwa na maji, linaniuma kama siafu."

"Mbona sisi halitung'ati?" akasema yule wakala. "Labda limekupenda, Mama Ester. Ongea nalo vizuri."

Wakacheka tena, na kikao kikaishia hapo. Kwenye daftari, mahali pa jina la mwenye kifaa, niliandika "wote." Bwana Sudi alilisoma, akasema hilo neno ni zuri.

Fundi Lusekelo alikuja kupima siku ambayo umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Kifaa chake kilikuwa testa. Ni ile bisibisi yenye kitaa kwenye mpini. Ukiigusisha penye umeme, kitaa kinawaka. Alizunguka vyumba vyote akigusa pasi, feni, mashine, na lile jagi la jikoni. Kitaa hakikuwaka popote, naye kila mara akasema, "Salama. Andika."

Fizikia niliisoma, Baba, wewe unajua. Nilimwambia, "Fundi, umeme haupo."

"Ndiyo usalama wenyewe huo, dogo."

"Lakini hata kitu kibovu leo hakiwezi kuiwasha testa."

Fundi alimtazama Bwana Sudi. Bwana Sudi akanitazama mimi. "Msomi huyu," alisema. "Anataka tushike umeme ukiwepo, tufe ndipo aandike. Andika, bwana mdogo. Wakaguzi wanakuja kesho. Umeme ukirudi tutampigia fundi aje tena."

Niliandika. Tulipofika mahali pa sahihi ya aliyekagua, nilimpa fundi kalamu, akaweka mikono mifukoni. "Mimi nimeshika testa," alisema. "Kalamu umeshika wewe." Nikaweka sahihi yangu, ile ndefu uliyoniambia inafaa benki. Kisha nikabandika stika za kijani zilizoandikwa KIMEKAGULIWA. Umeme ulirudi jioni ileile. Hakuna aliyempigia fundi. Namba yake nilikuwa nayo.

Kesho yake wakaguzi walipita, wakalitazama daftari, wakaondoka. Walipoondoka Mama Ester alinifuata mezani.

"Mwanangu, lile jagi mmelipima?"

"Limekaguliwa, Mama. Si unaiona stika?"

"Na jina lako lipo kwenye hilo daftari?"

"Lipo."

Alikuwa na desturi ya kulishika kwa kipande cha kitenge alichokikunja mara nne. Alirudi jikoni, nikamwona anakitandaza kile kitenge juu ya kabati kukaushia vikombe. "Kumbe nilikuwa mwoga bure," alisema, akacheka.

Hakumaliza juma. Nilisikia kelele ambayo sikudhani ni ya mtu. Nilifika mlangoni mwa jiko wa kwanza. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye jagi, wa kushoto kwenye sinki la chuma, na maji ya moto yalikuwa yanamwagikia mkono ule uliokataa kufunguka. Alikuwa ananitazama mimi. Swichi ya ukutani ilikuwa karibu na bega langu, Baba. Sikuizima. Niliogopa. Mama wa saluni alinisukuma, akaizima kwa mpini wa ufagio, na Mama Ester akaanguka.

Hospitali walijaribu kuuokoa mkono siku chache, kisha wakaukata juu kidogo ya kifundo cha mkono, pale bangili inapokaa.

Kwenye jengo watu walikubaliana upesi kuliko walivyokubaliana juu ya jagi. Alikuwa mzembe. Alikuwa anashika umeme na mikono yenye maji. Wakala wa mfuniko alisema, "Si alituambia mwenyewe lilikuwa linamuuma? Mtu mwenye akili anarudia?" Bwana Sudi aliniita ofisini, akafunga mlango, akafungua daftari.

"Mkaguzi anarudi Jumatano," alisema. "Humu nalitafuta jina langu silioni. La fundi silioni. Naona la Issa."

Nilianza kulia. Aliningoja nimalize, akanipa karatasi nyeupe na maneno ya kuandika. Niliyaandika kwa mwandiko wangu mzuri: kwamba Mama Ester anakiri jagi lilikuwa mali yake binafsi, alilileta jikoni mwenyewe bila ruhusa ya uongozi, na hamdai mtu yeyote chochote.

"Hawezi kukubali haya," nilisema.

"Nani amekuambia umwombe akubali? Mwambie ni karatasi ya pole. Wewe ndiye anayekuamini."

Nilimkuta peke yake wodini. Ester, binti yake aliyeolewa Galula, alikuwa bado njiani. Mkono ulikuwa umefungwa na kulazwa juu ya mto. Aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia uongozi umeleta karatasi ya pole.

"Nisomee, mwanangu."

Nikasoma kwamba uongozi wa jengo unampa pole, utamsaidia kwenye matibabu, na utamrudisha kazini akipona. Nilipitisha kidole kwenye mistari ili kiende sawa na sauti. Lakini uongo wangu ulikuwa mfupi kuliko yaliyoandikwa, kikabaki kipande cha ukurasa ambacho sikuwa na maneno yake, nikalazimika kurudia ile ya matibabu. Aliitikia mara zote mbili.

Nilimshika kidole gumba cha kushoto nikakibonyeza kwenye wino. "Kishike vizuri," alisema, "nisije nikawachafulia karatasi." Kisha akataka na mimi niweke jina, wasije wakasema alikuwa amelewa dawa. Niliweka.

Jumatano mkaguzi aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. Alisema kifaa cha mtu ni wajibu wa mtu, na jengo halina kosa ila lisimamie vizuri zaidi wanaoingiza vifaa vyao. Bwana Sudi alinishika mkono mbele ya watu. Limenunuliwa jagi jipya, na stika nimeibandika mimi. Daftari la zamani hakulichana. Amelifungia kabatini, na nikichelewa kazini huutoa ufunguo akauzungusha kidoleni.

Sikuandikii ili uniambie la kufanya, Baba. Najua utakaloniambia, na nimeshajijua kwamba sitalifanya. Nimejaribu mara mbili kwenda kwa mkaguzi. Mara ya kwanza niligeuka njiani, mara ya pili nikafika mpaka mlangoni, nikauliza choo kiko wapi. Nimekuandikia kwa sababu hukosi kuwaambia watu msikitini kwamba mwanao ni karani, nami sitaki uendelee kulisema hilo bila kujua.

Mama Ester ametoka hospitali. Kila asubuhi anakuja kwa miguu kutoka Chapwa, anakaa kwenye ngazi ya chini, kwa sababu mlinzi amekatazwa kumruhusu apite hapo. Wakala wa forodha humsalimia, "Mama Ester, leo tunapeana mkono upi?" Yeye huitikia salamu. Haulizi mtu mwingine ila mimi. "Mwanangu, ile karatasi imefika wapi?" Nami humwambia bado inapitiwa. Jana nilishindwa kumjibu, akanifariji. Alisema karatasi za ofisi ndivyo zilivyo, nisijilaumu, nimefanya niliyoweza.

Msalimie Bibi, mwambie ugoro wake nitamtumia kwa basi. Msalimie Dada Zainabu na mtoto mchanga ambaye sijamwona, na Mjomba wa baiskeli, mwambie pampu yake niliyoondoka nayo ipo salama. Mama mwambie nakula vizuri. Mengine usimsomee.

Meza yangu iko karibu na ngazi. Mama Ester ameniona naandika, ameuliza ni kwa nani, nikamwambia ni kwa Baba. Anataka niweke na salamu zake, nami naziweka kama anavyozitamka:

"Mzee, mimi ni Mama Ester wa Chapwa. Namshukuru Mungu kwa ajili yako uliyemsomesha huyu mtoto. Wengine wangenitupia karatasi tu niweke kidole. Yeye alikaa kitandani kwangu akanisomea yote."

Ameomba nimsomee nilivyoandika, asikie kama ndivyo alivyosema. Nimemsomea neno kwa neno. Amesema ndivyo.

Mwanao,
Issa