Mwendo wa Gitaa la Kaka Marwa

Kaka Marwa,

Shikamoo. Nakuandikia nimechoka. Mwanangu Robi anaota meno, usiku halali, mchana niko naye mgongoni kwenye shamba la kijiji, na mkono ulioshika jembe kutwa hautaki kalamu. Lakini kuna jambo nimelijibu kwa niaba yako, lazima ulijue.

Tangu tukuzike, serikali imetuhamishia kijijini. Nyumba zetu sasa zimepangwa mstari kando ya barabara hapa Susuni, jirani akikohoa unamsikia. Mama hajazoea. Kila asubuhi anatazama kule kwenye boma la zamani, ulikobaki peke yako.

Juzi alikuja Chacha, mpiga ngoma wako, kutoka Nairobi. Amekonda. Alileta redio ya kaseti, na nyimbo za ile santuri mliyokuwa mnarekodi, ile ya kuwashukuru Waingereza waliokufundisha gitaa la bluzi kwa santuri zao, bila kukuona. Fundi wa studio anasema nyimbo zote zimelala. Eti aliwauliza, "Nyie mlijifunzia wapi, matangani?" Anataka kuziongeza mwendo kwa mashine zifanane na za Waingereza wenyewe, la sivyo santuri haitoki. Chacha aliogopa kuamua. Mama naye akasema, "Muulize Boke, ndiye alikuwa anavumilia yale makelele."

Kaka, mimi ndiye najua zilivyolala. Ulirudi kutoka Kericho, kwenye kuchuma chai, na gramafoni ya betri, na santuri za hao Waingereza. Betri dukani hakuna. Nikawa naanika zilezile zilizochoka juani, juu ya jiwe nyuma ya zizi, zinapata nguvu kidogo, santuri inazunguka kama ng'ombe anayepanda mlima. Mwingereza anaimba sauti nzito ya mzee. Wewe unainua sindano, unarudisha, unamfuata kwa kutelezesha shingo ya chupa juu ya nyuzi za gitaa, umezilegeza mpaka zikafanana naye. Hukujua. Na mimi sikujua. Tulidhani ndivyo walivyo.

Uliporudi kutoka Nairobi mara ya kwanza, umewasikia kwenye gramafoni ya umeme, ulicheka mpaka ukakaa chini. "Boke, betri zimetudanganya! Wale watu wanakimbia!" Nikakuuliza sasa utafanyaje. "Nitawapigia kama walivyonifikia. Wakicheka, wacheke."

Haya, hayo nayakumbuka. Lakini nisikufiche, nilikuwa karibu kusema ndiyo. Nilitaka santuri itoke, redio ikutaje jina, Robi akue anamsikia mjomba wake. Uchovu nao unamfanya mtu akubali tu yaishe.

Ndipo Chacha akatuwekea wimbo mmoja aliokwisha kuuharakisha fundi. Kaka. Gitaa linaparuza kama kuku jalalani, na sauti yako nyembamba, ya mwana-mbuzi. Chacha alicheka, halafu akageuza uso. Mama alikuwa anachambua mboga. Akainua kichwa, akauliza, "Huyu ni nani?"

Mama yako, aliyekuzaa.

Nikasema hapana. Chacha akaniambia, "Dada, wataitupa." Nikasema waitupe. Akaniachia redio na kanda yenye mwendo wako, akaenda kuvizia gari la Sirari, mpakani. Mlangoni alisema atabisha hodi kwenye studio nyingine, ndogo, huenda wakamsikiliza. Nami namwamini, kwa sababu aliyasema hayo bila kuulizwa, akiwa tayari amevaa kofia.

Usiku mwingine najiuliza kama nimekulinda au nimekuzika mara ya pili. Halafu nawasha kanda chini chini, Robi anaacha kulia, anasikiliza mdomo wazi, na mimi napata kupumua.

Chacha akishindwa, tukimaliza kuvuna nitambeba mtoto niende Nairobi mwenyewe, na Kiswahili changu hikihiki. Santuri itoke au isitoke, nakuahidi mwendo utabaki huo huo.

Lala, kaka. Hakuna atakayekukimbiza.

Mdogo wako,
Boke