Handaki lililobonyea kwenye kompyuta

Jumatano, Agosti 2004

Namshukuru Mungu, ingawa bado naona aibu kidogo.

Mwende wetu amekuja na kompyuta ya kazini, akatuonyesha lile handaki la maji baba yake analochimba mlimani. Alisema mashine inapiga hesabu jinsi mwamba unavyosogea ukishatobolewa. Nilipotazama, paa lilikuwa limebonyea kama sufuria iliyokaliwa. Nikamwambia Baba Mwende, "Kesho huingii humo." Nikatoka mbio kwa akina mama wa kanisa, waje asubuhi tumwombee.

Kurudi, nikakuta Mwende anacheka mpaka machozi. "Mwaitu, mama yangu, huko kubonyea kumekuzwa sana kwenye picha ndio jicho lione. Mwamba wenyewe utasogea chini ya unene wa ukucha."

"Mama yako amenizika nikiwa bado nakula muthokoi," akasema Baba Mwende.

Basi anaingia kesho. Wasiwasi haujaisha wote, maana hata unene wa ukucha ni kusogea. Na akina mama siwezi kuwarudisha, nimeshaweka maziwa ya chai kando.

Alicheka sana, huyo mzee. Lakini kabla ya kulala ameniuliza wanakuja saa ngapi, ili aombewe kwanza ndio aende.