Kabati la Mama na Mbavu za Ukuta

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwalimu alitufundisha kuanza barua kwa kuuliza hali. Hali yako naiachia Mwenyezi Mungu, nami nikueleze ya kwetu hapa Mchinga.

Kabati ulilomtengenezea Mama limetundikwa. Nalisema kwanza kwa kuwa najua ndilo ungeuliza.

Ulipotutoka lilikuwa bado chini jikoni, limeegemea ukuta, linanukia mninga. Mama alikaa nalo eda nzima. Alilifuta vumbi kila asubuhi, na mchwa walipolianza alilipandisha juu ya mawe. Nikakumbuka ulivyomwambia, "Hili litakaa juu, mke wangu, kama makabati ya mabwana wa Lindi. Mchwa walitazame tu." Naye akakujibu, "Kwenye ukuta wa udongo? Litatuangukia na sahani zetu." Ukacheka. "Udongo ni nyama. Nyumba ina mbavu."

Mama alipotoka eda, Baba mdogo alikuja kulitundika. Aligonga ukuta, akasikiliza, akapigilia misumari. Tulipoliachia tu kabati, ukuta ukamwagika. Alikuwa amepigilia kwenye fito zilizolala, si kwenye nguzo. Bi Somoe, jirani, akachungulia. "Mnatundika kabati au ng'ombe?" Baba mdogo hakucheka. Alisema, "Shemeji, ukuta huu haubebi. Kesho kutwa nalipeleka Lindi kwa mwenye duka. Yeye ana ukuta wa mawe."

Mama akasema, "Haya," akaingia chumbani. Ile haya yake, Baba. Sijui niiandike vipi.

Lakini ukuta hauachwi na vidonda. Kesho yake tulikanda udongo, tukaziba matundu, kisha Mama akausiriba ukuta mzima kwa udongo mweupe, kama afanyavyo kila Idi ikikaribia. Mimi nikakaa juu ya mbuzi ya nazi, nikiutazama ukauke. Jua liliingia mlangoni, macho yakawa mazito, na nikawa kama nakusikia unagonga ndani ya ukuta, ko, ko, unatafuta.

Nilipofumbua macho, ukuta ulikuwa unabadilika. Penye udongo mwembamba hukauka kwanza. Mstari mweupe ulitokea, kisha mwingine, kisha mwingine, imesimama wima kutoka sakafuni hadi kwenye makuti, na kati yake bado kuna weusi wa maji. Zilikuwa nguzo zako, ulizozisimika ulipojenga. Nyumba yetu ilikuwa inanionyesha mbavu zake, nami niliogopa hata kupumua, zisije zikajificha.

Nilichukua mkaa nikachora juu ya kila mstari, ndipo nikamwita Mama. Aliweka kiganja chake ukutani, juu ya mstari wa kwanza.

Baba mdogo alipokuja kulichukua kabati alisema, "Lo! Sasa binti wa shule atufundishe useremala kwa makaa!" Lakini akatoboa penye mkaa. Keekee ikatoa unga mwekundu. Akaunusa. "Mkoko," akasema polepole. "Kaka yangu huyu."

Akapigilia ubao mnene kukatiza nguzo zote tatu, akaushika kwa mikono miwili akaning'inia, miguu ikielea. Bi Somoe akasema, "Ng'ombe ndiye huyo sasa!" Mama akacheka, Baba. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Kabati likapanda juu ya ubao ule, likatulia.

Sasa ukuta wote umekauka na mistari haionekani tena. Mgeni akiingia ataona kabati limekaa juu ya udongo mtupu. Mama ameweka kikombe chako rafu ya juu, akakifunika kitambaa. Mimi kesho narudi shuleni. Jana niligonga taratibu chini ya kabati, ko, ko, na safari hii nilijua nasikiliza nini.

Lala salama, Baba, Mungu akupe nuru huko ulipo. Kila Idi ikikaribia nitarudi nimsaidie Mama kusiriba, na tukimaliza nitakaa juu ya mbuzi nikusubiri utokeze.

Binti yako,
Zuhura