Utepe wa bluu

Solrun upo? Shika simu. Nimejifungia chooni hapa kwenye mkutano wa ukoo.

Si nilipewa kusoma maisha ya Thorgrim, yule bwana mkubwa wa Kiviking tunayejivunia? Nikasoma vizuri: alivyomkimbia mfalme wa Norwei akaja huku Aisilandi, alivyomuua jirani kwa kugombea nyangumi, alivyompakata mtoto wa kaka yake akamwita wake. Nikashuka na majina, huyu akamzaa huyu, mpaka kwa babu. "Eyvind akamzaa baba yangu."

Bibi Gudny, dada yake babu, akainuka. Mbele ya watu themanini! "Hapo umekosea, mjukuu wangu."

UMEKOSEA!!

Unajua tunavyovaa tepe. Watu wa babu nyekundu, watu wa mdogo wake Hallvard bluu. Akanibandua wangu kifuani, akanibandika wa bluu. Wa bluu, Solrun!

Nikamwambia, "Bibi, acha utani." Akanijibu, "Nina miaka tisini na nne, utani wa nini? Eyvind alijua. Alimpakata mtoto wa Hallvard akamwita wake. Si umetoka kusoma mwenyewe kwamba Thorgrim alifanya vivyo hivyo?"

Na kweli nimesoma! Kwa sauti, tena kwa maringo.

Baba alikuwa nje anachoma nyama ya kondoo. Hajasikia chochote.

Ndiye huyu anagonga mlango: "Mwanangu, toka basi! Wekundu tunapigwa picha, umebaki wewe tu."