Fuko Niliyemrudisha Kwao

Kambu, Alhamisi, 12 Novemba. Manyunyu tangu alfajiri.

Mpendwa Baba,

Natumaini mguu wako umepona na mvua imefika huko nyumbani Tulia pia. Mimi mwili ni mzima, ila nina aibu, na afadhali uisikie kwangu.

Unajua tunachunguza fuko, wale wasio na manyoya waliomaliza viazi vyako. Shimo moja ni ukoo mmoja: malkia huzaa, watoto wake huchimba. Mara chache hutokea dume mnene, mvivu wa kuchimba, asiyetaka dada zake. Huyo hutoka kutafuta jike wa ukoo mwingine. Mutua, mchimbaji wetu, humwita bwana harusi.

Daktari, mkubwa wetu, alikuwa amepata jike mgeni akiishi peke yake katika shimo jipya. Alitaka kuona kama atapata mume. Kazi yangu ilikuwa kukagua kila alfajiri na kuandika.

Wiki tatu zilizopita nilimkuta dume mnene akitambaa juu ya ardhi kuelekea huko. Alama tuliyomtia ilionyesha ametoka katika shimo la zamani, la ukoo wake. Baba, nilimwona kama mbuzi aliyepotea. Kwetu mnyama hurudishwa kwa mwenyewe, nikamrudisha. Nilikuwa nimeshafika kwenye hema nilipoelewa nilichofanya. Katika kitabu cha kazi nikaandika, "Hakuna kilichoonekana." Ukweli niliuandika kwenye shajara yangu tu.

Jumatatu hii Daktari akasoma kifaa cha mlangoni mwa shimo la zamani, kinachorekodi kila fuko anayepita: dume alitoka, akarudi siku hiyo hiyo. Akamgeukia Mutua.

"Umemtisha na jembe lako."

"Mimi nimtishe bwana harusi, Daktari? Hata mimi nilitoroka kwa shemeji zangu!"

Tulicheka, mimi pia. Daktari hakucheka. Alimwambia Mutua kwamba Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho kazini. Nami nikammiminia Mutua chai.

Leo asubuhi nimempa Daktari shajara. Amesoma ukurasa ule mara mbili. Mutua atabaki, mimi nitajua Jumatatu kama nitabaki. Jike bado yuko peke yake.

Saa ya chai Mutua ameniuliza, "Mwende, siku tatu umenimiminia chai ukijua?"

"Ndiyo."

Ameinuka, akamwaga kikombe nyasini, akajimiminia kingine mwenyewe.

Tafadhali, usinisifu tena kanisani kwa uandishi wangu. Msalimie Mama, mdogo wangu Kalekye, na shangazi wa sokoni.

Binti yako,
Mwende

Ijumaa, kabla ya kufunga bahasha: usiku wa kuamkia leo usingizi ulinipata saa tisa kasoro robo.