Kibao Kilichobaki Juu

Jumanne, 10 Juni 2025

Mashine imefika! Cosmas kaifungua mwenyewe, hakutaka mtu aguse boksi. Ndogo kuliko nilivyodhani, lakini vitufe vyake — mama yangu! Vingine vinawaka nyekundu, vingine kijani, vingine havina rangi mpaka uviguse. Kuanzia sasa studio yetu hapa Kilosa itarusha harusi na misiba laivu mtandaoni, kamera mbili, maandishi juu ya picha kama kwenye TV. Na atakayebonyeza ni mimi. Mimi Tumwagile, ambaye mpaka jana kazi yangu ilikuwa picha za pasipoti na kutoa kopi.

Fundi katoka Morogoro kuja kunifundisha, siku mbili. Anaitwa Ditram. Mpole, ila anaongea haraka. Kasema maandishi yanakaa juu ya picha kwa kitu kinaitwa kii. Kii zipo mbili: apstrimu na daunstrimu. Nikauliza tofauti. Akaeleza. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sijaelewa.

Akatundika kitambaa cha kijani ukutani, akamkalisha bosi Cosmas mbele yake, halafu nyuma akaweka picha ya tembo wa Mikumi. Hiyo ni apstrimu, kasema. Cosmas alikuwa kavaa shati la kijani. Kifua chote kikapotea! Kichwa na mikono vikaelea katikati ya tembo. Tulicheka mpaka dada wa duka la dawa akaja kuchungulia.

Kucheka nimecheka. Kuelewa bado.

Jumatano, 11 Juni 2025

Leo nimemwomba Ditram anichoree. Kachora mto. Juu kabisa zinaingia kamera. Katikati ndipo picha zinapochanganywa, unatoka kamera hii kwenda ile. Kii ya apstrimu inaingia hapo hapo kwenye mchanganyiko, kwa hiyo unaweza kuifunga na picha, zikaondoka pamoja. Kii ya daunstrimu inaingia huku chini, kila kitu kikishachanganywa, karibu na pa kutokea. Hiyo inakaa juu ya yote. Ukibadilisha kamera haibanduki. Mpaka wewe mwenyewe uitoe.

Nikamuuliza, hata nikienda kamera namba mbili?

"Hata ukienda Zombo ukarudi."

Sawa. Lakini kibao cha jina, kile cha chini ya picha, kinaweza kukaa kwenye kii yoyote! Sasa kiende wapi? Kasema weka daunstrimu, ndiyo rahisi. Dakika mbili baadaye kasema wengine wanaweka apstrimu. Ah! Na kuna kitufe cha kufunga daunstrimu nayo iondoke na picha — sasa kama nayo inafungika, tofauti iko wapi tena?

Kawahi treni ya jioni. Nimebaki na mchoro wa mto na kichwa kinagonga.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Kazi ya kwanza si harusi. Ni msiba, kesho, Chanzuru.

Marehemu ni Mzee Kasiani. Alikuwa dereva wa watalii kwenye lodge moja Mikumi, miaka zaidi ya ishirini. Familia yake iko huku, yeye alikuwa anarudi kila mwisho wa mwezi. Presha imemwangusha Jumatatu, kule kule kazini. Mtoto wake mkubwa yuko Qatar, amenyimwa ruhusa, anataka walau amwone baba yake akizikwa. Ndiyo maana wametuita.

Mdogo wa marehemu, Mzee Bonifas, kaja na karatasi ya watu watakaoonekana. Nikataka kuandika majina. Cosmas akasema majina tutakosea herufi watu wakasirike, weka nafasi ya mtu tu. Nimetengeneza vibao vitatu. PADRI. MDOGO WA MAREHEMU. MKE WA MAREHEMU.

Nimefanya mazoezi mchana kutwa. Weka kibao, toa kibao, kata kamera, yaani hamia nyingine. Mara sita nimesahau kutoa. Cosmas kasema kesho mikono itajua yenyewe.

Mikono haijui kitu.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimeharibu. Siandiki.

Jumapili, 15 Juni 2025

Sijaenda kanisani. Watu wote wa jana wangekuwa pale.

Niandike ilivyokuwa, labda nitaelewa.

Tulifunga mitambo chini ya turubai, pembeni mwa nyumba. Kamera namba moja ilikuwa kwenye stendi, imeelekea jeneza. Kamera namba mbili alishika Cosmas mwenyewe, anazunguka kwa waombolezaji. Mimi nimekaa na mashine na spika moja sikioni. Padri akasoma, nikaweka kibao, nikatoa. Mzee Bonifas akasoma wasifu, nikaweka, nikatoa. Nikaanza kujisikia fundi.

Halafu Mama Irine. Huyo ndiye mjane, jina lake Scholastica, ila wote tunamwita kwa mtoto. Akasimama kuweka shada. Nikaweka kibao: MKE WA MAREHEMU. Vizuri kabisa. Akapiga magoti. Akakaa pale, muda mrefu. Nikaona si vizuri kumtazama mtu hivyo hivyo tu, nikatafuta picha nyingine. Kwenye kamera namba mbili Cosmas alikuwa amemkuta mwanamke mmoja amekaa mwisho wa wanawake, kitenge kichwani. Analia. Wengine walikuwa wanalia pia, lakini huyu alikuwa analia bila sauti, mwili wote unatikisika.

Nikakata kwenda kwake.

Picha ikaenda. Kibao kikabaki.

MKE WA MAREHEMU.

Sekunde kumi na moja. Nimezihesabu kwenye rekodi. Halafu nikashtuka nikatoa, nikarudi kamera moja papo hapo. Hakuna aliyepiga kelele, pale turubaini hakuna skrini. Nikajua nimepona. Kisha simu ya Mzee Bonifas ikaita katikati ya sala. Ni Qatar. Nilimwona anasikiliza, anageuka pole pole kuwatazama wanawake, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa mstari. Baada ya hapo simu nyingine. Na nyingine. Mabinti wa pale wakaanza kuoneshana kitu kwenye simu zao.

Yule mwanamke akainuka, kitenge chake kikapotea nyuma ya watu, akaondoka kabla ya udongo kwisha. Hakuna aliyemuaga.

Lakini kinachonisumbua si hicho. Taa ya kitufe cha daunstrimu inawaka nyekundu kibao kikiwa hewani. Iko mbele ya kidole changu. Niliiona? Nadhani niliiona. Nilijua kibao kiko juu nikakata hivyo hivyo? Au nilisahau kama zile mara sita? Nimefumba macho nikijaribu kukumbuka. Mara naiona nyekundu. Mara sioni kitu, naona mabega ya yule mwanamke tu.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Mzee Bonifas kaja saa mbili asubuhi. Nikamwamkia, shikamoo baba. Hakuitikia. Sijawahi kunyimwa marahaba maishani mwangu.

Aliongea na Cosmas tu, kama mimi ni kiti. Kasema ukoo umedhalilishwa. Ile picha imefika kwenye magrupu yote, mpaka Mvumi. Anataka mambo mawili: video ifutwe kila mahali, na studio iandike barua kwamba mashine ilikuwa na hitilafu. Kasema yule mwanamke hawamjui, hana uhusiano wowote na marehemu.

Cosmas akakubali yote. Mzee alipotoka nikamuuliza Cosmas, kama hawamjui, mbona anakasirika hivyo?

"Tumwa, andika barua."

Nimeandika mistari mitatu. "Tunasikitika kwa hitilafu ya mitambo..." Nikasimama hapo. Mitambo haikuwa na hitilafu! Ilifanya vile vile Ditram alivyosema. Nimempigia Ditram nikamweleza yote. Kauliza swali moja tu: kibao ulikiweka apstrimu au daunstrimu? Nikasema daunstrimu. Akasema basi mashine haina kosa.

Asante, Ditram. Najua.

Video tumeiondoa mtandaoni. Kwenye kompyuta bado ipo. Cosmas kasema nisifute kwanza, kwa sababu mashine huwa inarekodi na kila kamera peke yake, safi, bila maandishi. Atatengeneza nyingine, kibao kisiwepo, awape familia. Kitakuwa kama hakijatokea.

Sijui kwa nini hilo limeniudhi kuliko marahaba.

Jumanne, 17 Juni 2025

Kaja.

Nilikuwa peke yangu, Cosmas yuko benki. Kaingia mwanamke kashika mkoba mdogo, viatu vimejaa vumbi la barabara ya Mikumi. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Shikamoo dada, nikasema. Akaitikia vizuri, akakaa.

Anaitwa Siwema. Anauza chakula karibu na stendi ya Mikumi. Nilianza kuomba radhi, nikachanganya maneno, nikasema kii, nikasema daunstrimu, nikasema mto. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

Akasema hakuja kugombana. Anataka kopi ya video.

Nikamwambia familia wanataka ifutwe. Akasema anajua, Mzee Bonifas alimpigia. Akasema hataki shamba wala nyumba, watu waache kuhangaika. Ila ana mtoto na marehemu, wa kike, amefikisha miaka sita. Iko siku atauliza kama baba yake alizikwa na wao wakiwepo.

Nikamwambia inatengenezwa nyingine, safi, haina maandishi. Labda hiyo naweza kuichukua kwa siri nimpe.

Akatazama mikono yake.

"Yenye maandishi," akasema. "Miaka tisa sijawahi kuitwa hivyo na mtu. Sikuitwa hata na yeye."

Sikumpa. Niliogopa. Nikachukua namba yake nikasema nitampigia. Akashukuru! Ameshukuru kwa kitu ambacho sijampa. Alipofika mlangoni akageuka akaniuliza, ulijuaje?

Nikasema sikujua, ni kosa.

Akatikisa kichwa kama mimi nilivyokuwa namtikisia Ditram.

Jumatano, 18 Juni 2025

Cosmas kauliza barua. Nikasema kesho. Kauliza kama kuna mtu alikuja jana. Nikasema hapana. Sasa nimekuwa mwongo pia.

Mama Irine kafunga ndoa na marehemu kanisani, kamzalia watoto wanne, kamsubiri kila mwisho wa mwezi. Sasa watu wanamtazama sokoni. Hilo nimelifanya mimi. Na Siwema naye miaka tisa. Nikimpa huyu nimemwibia yule. Nikimnyima huyu... Wote wawili wako sawa, na mimi katikati sijui nibonyeze wapi.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Naandika nikiwa kaunta.

Mama Irine yuko hapa. Kaja peke yake. Kasema anataka picha za pasipoti kwa ajili ya karatasi za mirathi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Mwanangu! Nikampiga picha, nikazikata, nikampa. Hakuinuka.

"Nioneshe."

Nikajifanya sielewi. Akasema yeye ndiye mtu pekee Kilosa nzima ambaye hajaiona. Kila mtu anamfichia simu.

Nikaifungua. Akajiona amepiga magoti. Kisha picha ikakata, akaja Siwema, na kibao. Sekunde kumi na moja. Nilitaka sakafu inimeze.

"Rudisha."

Nikarudisha. Mara tatu. Nilidhani anasoma maandishi. Kumbe hapana. Akasogeza kiti, akanyoosha kidole chini ya skrini, kwenye ukingo wa kibao.

"Huyu aliyefunikwa ni nani?"

Sikuwa nimemwona! Siku ile niliona mabega ya mama yake tu, na mara zote nilizotazama rekodi sikuona. Juu ya herufi ya M kuna kipande cha nywele zilizosukwa. Kuna mtu mapajani mwa Siwema, kibao kimemkalia.

"Yatoe hayo maandishi nimwone."

Nikamwambia humu hayatoki, ila kamera mbili ilirekodi yake, safi. Nikaifungua. Ni mtoto wa kike, gauni la shule, anauma mdomo wa chini upande mmoja na kutazama mbele kwa makini, halii.

Mama Irine akatoa sauti kama mtu aliyeungua kidogo.

"Kasiani akiwa kwenye usukani. Hivyo hivyo. Upande huo huo."

Akauliza umri. Nikasema sita. Akahesabu kwa vidole, taratibu, midomo ikicheza. Kasema kuna Krismasi moja, miaka sita nyuma, alikaa amepika, akaambiwa lodge imejaa wazungu, hakuna likizo. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, tena mbele ya mteja.

Nikamwomba radhi. Nikamwambia ukweli wote, kwamba sijui kama nilisahau au niliona, mpaka leo sijui. Akasema hata yeye kuna mambo hajui kama hakuyajua au aliyaona. Sijui amemaanisha nini. Nadhani najua.

Halafu akauliza kama nina namba ya yule mama.

Ninayo.

"Piga. Weka sauti kubwa."

Nikauliza utamwambia nini? Akasema hajui, piga tu. Nikapiga. Haipatikani. Akasema mtandao wa Mikumi ndivyo ulivyo, tusubiri kidogo, na akakaa. Ndiyo maana naandika, siwezi kukaa tu naye kimya. Mtoto yuko kwenye skrini, nimemsimamisha hapo. Mama Irine kageuza kiti chake kabisa, anamtazama. Zile picha za pasipoti kazilaza mapajani.

Nje naona gari la Cosmas linaegeshwa. Mzee Bonifas yuko naye. Wamekuja kuchukua barua, na barua ina mistari mitatu.

Nimepiga tena. Inaita.

Inaita.

Imepokelewa. Si Siwema, ni sauti ndogo. "Haloo? Mama yuko jikoni. Nani?"

Mama Irine ameinua mkono, nisijibu. Amesogea kwenye simu. Mlango unafunguliwa nyuma yake na yeye hageuki, amefungua mdomo, anasema, "Mwanangu —"