Kanisa la Baada ya Vyombo

Mama,

Kwa kuwa hukujua kusoma, barua hii nikiimaliza nitaisoma kwa sauti hapa mezani. Majirani wakisema nimepata wazimu, waseme.

Ni miezi mitano tangu tukuzike nyumbani Vihiga. Naanza na habari za kanisa lako, maana najua ndizo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula.

Josefati siku hizi ni Askofu. Ndiyo, Josefati yule yule wa kufunga madishi ya televisheni, aliyetutobolea mabati tukaishi na beseni katikati ya chumba mvua zote za mwezi wa nne. Hakuna aliyemtawaza. Alilala Josefati, akaamka Askofu. Chumba chako cha ibada amekibandika jina: Madhabahu ya Tai Apaaye, Makao Makuu ya Kimataifa. Nilimuuliza matawi yako wapi, akanijibu yako katika ulimwengu wa roho. Kwenye bango uso wake umetokea mara mbili, wa mkewe mara moja, wa Yesu haumo. Ameleta spika mbili ndefu kuliko friji, ndani ya chumba ambacho mtu akinong'ona pembeni nyote mlikuwa mkisikia. Mlango sasa haufunguki wote kwa sababu ya kinanda. Waumini wa kimataifa wanaingia kwa ubavu.

Lakini kosa ni langu, Mama, na nakuandikia hasa kwa sababu hiyo. Siku ya mazishi alichukua maikrofoni akawaambia watu kwamba ulimwekea mikono hospitalini, ukamwachia kundi. Mimi nilikuwepo wodini siku aliyokuja. Alikuja mara moja tu, akala ndizi zako tatu, akaomba huku jicho moja liko kwenye simu. Ningesimama pale pale nikamkanusha, na yangekwisha, kwa sababu unajua kwetu neno likisemwa penye kaburi na watu wa marehemu wakanyamaza, limepita. Nami nilinyamaza. Si kwa huzuni. Nililidharau kanisa lako. Wanawake wanane, yaya na wapishi wa majumba ya matajiri Kileleshwa, wameketi kwenye stuli za kuazima: nani angegombania hicho? Tuliporudi hapa kwetu Riruta nikampa ufunguo wa chumba kwa mkono wangu, na nikajiona nimetua mzigo.

Jambo la kwanza alilofanya ni kubadilisha saa. Wewe ulianza saa tisa alasiri, nami nilikuwa nakucheka tangu nikiwa shuleni: Mungu gani huyu anaamka saa tisa? Wewe uliendelea tu kukunja leso zako. Uliyefanya kazi majumbani mwa watu maisha yako yote ulijua kwamba Jumapili ya mfanyakazi wa nyumba huanza vyombo vya mchana vikishaoshwa. Askofu hajui hilo. Ibada yake ni saa tatu asubuhi, kama makanisa "serious". Saa tatu wale wanane wanakaanga mayai ya watu. Hakuja hata mmoja. Naye akawahubiria mkewe, shemeji zake wawili na viti vya plastiki, kisha akatangaza kwa hizo spika, wapangaji wa ploti nzima wakisikia, kwamba akina mama wa zamani wamerudi nyuma, wameipenda dunia.

Nilivuka ua na ndala zangu. "Askofu, hao watu wako job hiyo saa."

"My sister, mwenye anataka Mungu ataamka mapema."

"Wanaamka saa kumi na moja. Wewe huamka saa ngapi?"

Akaniwekea mkono kichwani akanikemea pepo wa kiburi, na nilikuwa nimesukwa jana yake tu.

Jumapili iliyofuata, saa tisa, nikamwona Kavata mlangoni pako. Ni yule Mkamba mrefu anayelea mapacha. Simu yake ilikuwa imeharibika, hakuna aliyekuwa amemwambia saa zimebadilika. Mlango una kufuli, naye amesimama wima na mkoba wake, kwa adabu, kama mtu aliyeahidiwa. "Rispa, kwani leo hakuna?" Nilikuwa nataka kusema hakuna. Sijui ilikuwaje, nikamwambia aingie kwangu anywe chai. Akaazima simu yangu kuwaita wenzake, na kufikia saa kumi walikuwa watano juu ya kitanda changu, wamevua viatu.

Wakanipa Biblia. Eti ulikuwa ukiwaambia hakuna anayesoma kama Rispa wako. Mimi hukuwahi kuniambia, Mama. Nilisoma mbio mbio makusudi, nimalize waende. Nerea, yule mpishi, akanisimamisha: "Rudia hapo, pole pole." Nikarudia. Baadaye wakaanza ule utaratibu wako ambao miaka yote nilikuwa nikiusikia kupitia dirisha na kuuita umbea: hakuna mahubiri, kila mmoja aseme wiki yake ilikuwaje. Kavata akasema sasa analazwa stoo, na masanduku. Hakuna aliyepiga haleluya. Nerea akamjazia kikombe, basi.

Zamu yangu ikafika. Nikafungua mdomo niseme wiki ilikuwa poa, nikashtukia nasema, "Mama yangu alikufa." Miezi mitano, na sikuwa nimelitamka. Nilikuwa nasema ulitutoka, ulipumzika, maneno ya kwenye tangazo la kifo. Nililia mpaka chai ikapoa, nao wakakaa, ingawa walitakiwa kuwa kazini saa kumi na mbili.

Usianze kushangilia huko uliko. Sijaokoka. Bado naona nusu ya mambo yenu ni kelele, na Josefati ni mwizi mwenye kola nyeupe, na hilo nitamwambia mbele ya hao shemeji zake. Lakini nakuahidi: kila Jumapili vyombo vya Kileleshwa vikishakauka, mlango wangu utakuwa wazi, na atakayechelewa tutamngoja.

Kwaheri, Mama. Jumapili hii wamesema mimi ndiye nianze. Nitawaeleza habari zako, na si zote nzuri, kwa hiyo ujiandae.

Mwanao,
Rispa